Matanga Yasiyoanuliwa

"Chai ina chumvi," Mama Ipyana alisema, akakisukuma kikombe mbele kwa kidole kimoja, vilevile alivyokuwa akizisukuma chai mbovu enzi zake kiwandani.

Atuganile, binti yake, alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu aende kazini. "Mama, nitie chumvi kwenye chai nina wazimu?"

"Mimi nakuuliza, nawe unaniuliza?"

Na huyo si mtu wa kubishana naye habari za chai. Mama Ipyana alikula mshahara kwa ulimi wake. Alikuwa muonjaji mkuu wa kiwanda kule Tukuyu, mwanamke aliyefyonza kijiko kimoja, akatema, kisha akakwambia chai hii ilichumwa mvua ikinyesha na aliyeikausha alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Hata baada ya ugonjwa wa kusahau kumnyang'anya nusu ya maisha yake, ulimi ulibaki uleule. Kwa hiyo Atuganile alisimama, kamba moja haijafungwa, akaenda kuonja.

Hakufika kwenye kikombe. Aliona machozi. Yalikuwa yanamtiririka mama yake mashavuni, yanakutana kidevuni, yanadondoka moja moja ndani ya chai. Uso wenyewe ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mtu anayesubiri kujibiwa habari ya chumvi.

"Mama, unalia."

Mama Ipyana alijigusa shavu, akavitazama vidole vyake vilivyolowa. "Loo! Kumbe." Akavifuta kwenye khanga, lakini machozi yaliyofuata hayakungoja. "Atu, nani amekufa?"

Atuganile alikisogeza kikombe pembeni.

"Nakuuliza nani amekufa humu ndani, na mbona hamniambii? Hiki kifua ni cha msiba, mimi nakijua. Nilikuwa nacho hivihivi alipokufa baba yenu. Lakini safari hii simwoni mtu. Namtafuta mtu wa kumlilia, simwoni." Akainua uso. "Mwanangu, inawezekanaje mtu alie hivi, halafu asijue anamlilia nani?"

Sasa hebu niambie, wewe ungejibu nini? Hatua chache tu kutoka kwenye meza ile, nyuma ya mlango wa jikoni waliozoea kuufunga kwa komeo, kulikuwa na kaburi la Ipyana, mwanawe wa kwanza, kati ya migomba, na udongo wake ulikuwa bado haujashuka. Mama mwenyewe ndiye aliyeshikilia azikwe pale. Mama mwenyewe ndiye aliyeuliza, siku chache baadaye, kaburi lile ni la nani, na kwa nini limechimbwa kwenye migomba yake bila ruhusa.

Atuganile alimkumbatia. Hakwenda kazini siku hiyo, na kazi yake, kwa bahati mbaya, ilikuwa hiyohiyo ya vichwa vya watu wanaosahau.

*

Alikuwa fundi wa Watunzaji. Mji mzima ulikuwa nao kwa miaka sasa: punje ya kioo nyuma ya sikio la kila mzee aliyeanza kusahau, na ndani ya punje, Mtunzaji. Kazi ya Mtunzaji ilikuwa rahisi kuieleza. Kila mgonjwa alikuwa na kielelezo chake, yaani maelezo kamili ya namna anavyotakiwa kuwa: jina lake ni hili, watoto wake ni hawa, nyumba yake ni ile, sufuria huwekwa hapa. Mtunzaji alipita kwenye ubongo mara tatu kwa siku, kama dawa. Alilinganisha kilichomo na kielelezo. Palipofutika alipaandika upya, palipopinda alipanyoosha, kisha akalala mpaka mzunguko unaofuata.

Sheria ya kwanza ambayo kila fundi alifundishwa ilikuwa kwamba Mtunzaji akipita mara moja au akipita mara mia, mtu abaki vilevile. Ukimkumbusha mtu jina lake mara mia, hakuna ubaya, jina ni lilelile. Atuganile alikuwa akiwaambia hivyo ndugu za wagonjwa kila siku, anawatuliza, anawapigapiga bega.

Alimlaza mama kwenye kochi, akamfunika, akakiwasha kioo chake cha mkononi na kukiunganisha na ile punje. Nje mvua ya Rungwe ilikuwa imeshika adabu yake ya kila siku, na mashine za kuchuma chai zilikuwa zimetua mabatini zikingoja ikatike.

Tangu msiba alishawaona mama wawili ndani ya mama yake. Mmoja alijua kwamba Ipyana, kifungua mimba wake, alianguka kutoka juu ya mnara wa upepo Makambako, na alilia mpaka sauti ikakauka. Wa pili alisema, "Ipyana akija mwisho wa mwezi, mchinjieni yule jogoo mwekundu." Walipokezana. Dokta alisema ugonjwa umekomaa na huzuni imeuchochea, akaongeza kwamba moyo wa mama umechoka na hautavumilia kupandishwa na kushushwa hivi kwa muda mrefu. Atuganile alimeza maneno yale bila kuyatafuna. Alikuwa amefiwa na kaka yake wa pekee, hakuwa na kichwa cha kuchunguza chochote.

Lakini huyu wa asubuhi ya leo, mwenye uchungu bila mtu, alikuwa wa tatu. Na ugonjwa wa kusahau haufanyi hivyo. Fundi ndani yake aliamka.

Kwanza aliangalia kufuli. Kila Mtunzaji anapoanza mzunguko hujifungia ndani, ili mzunguko mwingine usiingie kabla huu haujatoka. Kufuli lilikuwa zima. Akaangalia muda. Hapo akakunja uso. Mzunguko uliozoea kwisha mama akiwa anapiga miayo tu ulikuwa umerefuka, unachukua nusu asubuhi, kwa sababu mabaki ya masahihisho yalikuwa yamejaa tele. Kitu kimoja kilikuwa kinasahihishwa, kinaharibika, kinasahihishwa tena, na kila sahihisho lilikuwa linaacha takataka zake.

Akafungua kumbukumbu za kazi aone ni kitu gani.

*Ipyana amefariki: imeandikwa.*

*Ipyana amefariki: imefutwa.*

*Ipyana amefariki: imeandikwa.*

*Ipyana amefariki: imefutwa.*

Aliteremsha kwa kidole. Ukurasa ukapita, ukafuata mwingine, na mwingine, maneno ni hayohayo. Alianza kuhesabu, akaacha. Kila palipoandikwa "imeandikwa", mama yake alikuwa ameambiwa kwa mara ya kwanza kwamba mwanawe amekufa. Hakuambiwa na mtu. Aliambiwa na punje ya kioo, akiwa anamenya viazi, akiwa anaoga, akiwa peke yake ndani wakati Atuganile yuko kituoni anawapigapiga watu bega.

Na nani alikuwa anafuta?

Alilijua jibu kabla kidole hakijafika. Jamani, alilijua! Kulikuwa na ratiba ya pili ndani ya punje, ndogo, imeandikwa haraka haraka, nje ya kufuli. Na mkono ulioiandika ulikuwa wake.

*

Ilikuwa hivi. Siku ile habari ilipofika kutoka Makambako ilikuwa Jumapili. Kabla Atuganile hajamaliza hata kupiga ukelele, simu ilikuwa inaita, na aliyepiga alikuwa baba yake mdogo, Mzee Anyosisye, msemaji wa ukoo.

"Mama yako asijue," alisema. "Unanisikia? Asijue mpaka tufike. Mtu haambiwi msiba akiwa peke yake na sufuria jikoni. Tutakuja, wanawake watakaa naye, atashikwa huku na huku, ndipo aambiwe."

Ni desturi, na ni desturi nzuri. Hata mtu aliye safarini huambiwa "njoo, mama anaumwa kidogo," ili machozi yamkute nyumbani kwenye mikono ya watu. Lakini wazee wa zamani walikuwa wanamficha mtu mwenye masikio tu. Mama Ipyana alikuwa na punje, na punje ilikuwa imeungwa na daftari la serikali la vizazi na vifo. Mzunguko wa jioni ungemwandikia kifo cha mwanawe kama unavyomwandikia bei ya sukari.

Basi Atuganile, huku machozi yanamziba macho, aliandika ratiba ya pili. Kazi yake moja tu: popote itakapoona habari ya kifo cha Ipyana, ifute. Kuiweka ndani ya kufuli kulihitaji idhini ya mkuu wa kituo, na mkuu alikuwa kanisani. Akaiweka nje. Sheria ilimtaka mzee wa ukoo atie kidole gumba kukubali mgonjwa afichwe jambo, na kidole hichohicho kukubali mwisho wake. Baba mdogo akatia chake kutoka Kandete. Halafu kioo kikauliza: *Ikome lini?*

Akajibu kama binti yeyote wa pale angejibu. *Matanga yakianuliwa.*

Kuna jibu gani jingine? Msiba una mwisho wake unaojulikana. Watu wanakaa, wanalala chini, wanapika nje, kisha siku inafika mkubwa wa ukoo anasimama, anaikunja mikeka, uwanja unafagiwa, kila mtu anakwenda kwake. Haikumpitikia kwamba kuna msiba ambao mikeka yake haitakunjwa.

Wazee walifika, mama akaambiwa vizuri, akashikwa huku na huku. Katikati ya kilio chake alisema mwanawe hatapelekwa Kandete kwenye makaburi ya ukoo. Azikwe hapa, nyuma ya jiko, amwone kila akimwaga maji. Baba mdogo alikataa. Mama alikaa juu ya shimo lililoanza kuchimbwa akasema wamzike yeye kwanza. Alishinda. Mzee Anyosisye alimzika mtoto wa kaka yake uso umemvimba, na udongo wa mwisho ulipotiwa alichukua koti lake akaondoka bila kuaga. Matanga hakuyaanua mtu. Watu walitawanyika tu, mmoja mmoja, wanaona aibu, na mikeka ikabaki imeegemezwa ukutani barazani.

Kwa hiyo ratiba ndogo ilikuwa bado inasubiri. Inafuta huku inasubiri. Mtunzaji anaandika, yenyewe inafuta, na mzunguko mkubwa ulipozidi kurefuka hatimaye ratiba mbili zikapandana: huyu anaandika uchungu upande huu, yule anafuta jina upande wa pili, kwa wakati mmoja. Akabaki mama mezani na msiba usio na maiti.

Atuganile alikiweka kioo chini. Alimtazama mama yake aliyelala kwenye kochi, mdomo wazi kidogo, chumvi imekaukia shavuni. "Nisamehe," alisema, na mama hakusikia.

*

Dawa, kwa upande wa ufundi, ilikuwa nyepesi kabisa. Ratiba mbili zinapogombana unaua mojawapo. Swali lilikuwa ipi.

Akiua ile ndogo, mama atajua, na atajua moja kwa moja. Mtunzaji hatamruhusu kusahau. Watu wengine uchungu wao hupoa kwa sababu kichwa kinaupunguza chenyewe kidogo kidogo, lakini kifo cha Ipyana kitakuwa kwenye kielelezo, na kila kikififia kitanyooshwa. Akiikata ile habari ya daftari la serikali na kuiacha ndogo, mama hatajua kamwe. Atangoja mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi, na jogoo mwekundu atazeeka bila kuchinjwa.

Vyovyote vile, alihitaji kidole cha baba mdogo. Akamwacha mama kwa jirani yao, Mama Tusa, akapanda kiberenge cha umeme kwenda Kandete.

Alimkuta mzee zizini anakamua. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Hakugeuka. "Mama yako amekutuma uje unitukane?"

"Mama hajui hata kama mligombana."

Hapo akageuka. Atuganile akamweleza yote, wamesimama kwenye matope, maziwa yanapoa ndooni. Alipofika kwenye yale maandishi ya "imeandikwa, imefutwa", mzee alikaa juu ya kigoda chake akashika kichwa.

"Kila siku?"

"Kila siku, baba. Mara tatu."

"Ee Mungu wangu. Na mimi nimekaa hapa nimenuna." Kisha akasema, taratibu, "Basi iache hiyo ya kufuta. Hiyo nyingine ndiyo uitoe."

"Baba..."

"Nisikilize. Mimi huamka asubuhi, Ipyana amekufa. Nikikamua, amekufa. Nikienda sokoni watu wananipa pole, amekufa. Duniani kote, Atu, kuna kichwa kimoja tu ambamo yule mtoto bado yu hai, anapanda minara, atakuja mwisho wa mwezi. Unataka nikupe kidole changu ukizime kichwa hicho?" Macho yake yalijaa. "Nilimbeba mgongoni mimi. Niachieni mahali pamoja alipo."

Atuganile alikuwa amewaza hivyohivyo ndani ya kiberenge. Kuna asubuhi mama alisema "Ipyana hapendi chai ya maziwa mengi" akamtengea kikombe chake cha bluu, na Atuganile aliketi pale akinywa maneno yale kwa pupa. Akamsikia kaka yake akitajwa kama watu wanavyotajwa walio hai. Nani angependa kulipoteza hilo?

"Mama alisema mwenyewe," alijibu mwishowe. "Siku anawekewa punje, wakati bado ana akili zake timamu. Nilikuwa namwandikia kielelezo mimi. Nikamuuliza, mama, kuna jambo ungependa usikumbushwe? Akacheka. Akasema, mimi nimeonja chai mbaya maisha yangu yote, sijafa. Yote niyajue."

"Alikuwa hajui litakuwa jambo gani."

"Hakujua. Hakuna anayejua." Akajifuta pua kwa kiganja. "Lakini leo asubuhi ameniuliza analilia nani. Mwili wake unajua, baba. Huwezi kuufuta mwili. Tukimficha hatutamtoa kwenye msiba, tutamwacha humohumo, ila tutamzimia taa. Na moyo wake ukisimama, utasimama hajui ni kwa ajili ya nani."

Ng'ombe alipiga kwato. Mzee Anyosisye aliitazama ile ndoo, akaitazama mikono yake.

"Atakufa nikimwambia?"

"Dokta anasema anaweza. Na tukiendelea hivi, anasema atakufa tu."

"Kwa hiyo unaniomba nikamuue au nikamwache afe."

"Nakuomba uje ukunje mikeka," alisema Atuganile, akashindwa kujikaza, akalia kwa sauti pale zizini kama mtoto aliyepigwa.

*

Walikuja Jumamosi, mchana kweupe, mvua imekatika. Atuganile aliwaita wanawake walewale waliokuwapo siku ya mazishi, akawaambia ukweli wote, kwamba watarudia kumwambia mama habari ya msiba. Hakuna aliyekataa. Mama Tusa alikuja na sufuria yake. Mikeka ilitandikwa upya sebuleni.

Kabla ya kuanza, Atuganile alizisimamisha ratiba zote mbili. Kwa muda ule kichwa cha mama kilikuwa chake mwenyewe, hakiandikwi, hakifutwi. Alikuwa mama wa pili siku hiyo, yule anayengoja, amechangamka kuona watu.

"Kulikoni, mmekuja kuchumbia?" aliwatania. "Ipyana hayupo, na huyu Atu mnamwona wenyewe, ameshindikana."

Wengine walijaribu kucheka. Mzee Anyosisye alikaa mkekani mbele yake, magoti yakialika, akaishika mikono yake yote miwili. Wanawake wakasogea, mmoja nyuma, wawili ubavuni.

Mama Ipyana alizitazama nyuso moja baada ya nyingine. Tabasamu likamfifia taratibu. Mtu aliyekaa misiba mingi anaijua namna ile ya kukaliwa.

"Shemeji," alisema, "usiniambie."

"Mama Ipyana."

"Nimesema usiniambie!"

"Mama Ipyana, mwenzio nimekuja na jambo zito, na nimechelewa kuja, unisamehe. Mtoto wetu ametutoka. Ipyana alianguka kazini. Tumemzika hapa nyuma, ulipopataka wewe. Mimi nilikataa, nikanuna, nikakuacha peke yako na msiba. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi."

Sitaki kukieleza kile kilio. Waliokuwapo wanasema hakikuwa kama vile vya mwanzo, kwamba kilikuwa kirefu zaidi na cha chini zaidi, kama kimepata njia. Atuganile alikuwa amekaa nyuma yake, kidole kiko kwenye mshipa wa shingo ya mama, anahesabu mapigo huku anamwomba Mungu. Moyo ulikimbia, ukakwaruza, ukasita mara moja kiasi cha kumfanya binti yake aache kupumua. Kisha ukaendelea.

Jua lilipoanza kuinama, mzee alisimama. Alikunja mkeka wa kwanza, akaukabidhi. Akakunja wa pili. Mama Tusa akafagia uwanja, akamwagia maji mafiga. Halafu Mzee Anyosisye akanyoosha kidole gumba chake chenye nyufa, akakiweka juu ya kioo cha Atuganile, akageukia ukutani.

*Matanga yameanuliwa,* kioo kiliandika. *Ratiba imefungwa.*

Ikawa imebaki moja. Atuganile aliiruhusu ianze.

Mzunguko ulipita juu ya Ipyana, ukakuta kilichomo kichwani kinalingana na kielelezo. Hapakuwa na cha kuandika. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Mtunzaji alimpita mama yake bila kumgusa.

Wageni walipoondoka, mama aliita. Sauti ilikuwa imekwaruzika, haitoki vizuri.

"Atu. Wale wanawake walilia kama watu waliochoka kulia. Mimi nimeshamlilia huyu mtoto mara ngapi?"

Atuganile alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, hilo halikuwamo. "Hii ndiyo ya kwanza, mama."

Mama Ipyana alimtazama kwa muda. Akajishika koo. "Sikukuzaa uwe muongo," alisema bila hasira. "Koo hili si la mtu aliyelia mara moja." Kisha akamvuta, akamlaza kichwa mapajani, akaanza kumpapasa nywele. "Haya, na wewe lia sasa. Wewe hukupata nafasi."

"Ni mimi, mama. Niliyeiweka ile ratiba ya kukufutia ni mimi."

"Nimekuambia lia."

Baadaye sana mama aliuliza, "Kesho nikiamka, nitakuwa najua?"

"Utakuwa unajua."

"Na kesho kutwa?"

"Na kesho kutwa, mama. Siku zote."

Alivuta pumzi. "Basi asubuhi uwepo karibu. Usiende kazini kabla sijaamka."

Atuganile aliamka kabla yake, akachemsha chai, akaileta kitandani, akaketi. Mzunguko wa alfajiri ulikuwa umeshapita. Alimwangalia mama yake akijigeuza, akikunja uso kwa ile nuru ya dirishani, na alisubiri lile swali la mama wa pili, Ipyana anakuja lini. Alilisubiri kwa hofu, na Mungu amsamehe, alilisubiri kwa hamu.

Mama alifumbua macho. Alitazama dari. Uso wake ulipita mahali fulani, ukafika kwa Ipyana, ukabaki hukohuko.

Hakuuliza kitu. Aliinuka akaketi, akanyoosha mkono, akapewa kikombe na kijiko. Akafyonza kijiko kimoja kwa sauti kama zamani, akakishikilia mdomoni, akameza.

"Ina chumvi," alisema.

Atuganile alitaka kusema kitu, mama akainua kidole kumnyamazisha.

"Niache. Leo najua inatoka wapi. Kafungue mlango wa jikoni."